Jina la babu ndani ya mabano: mwandishi-mwaka, tanbihi au namba?

Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi. Hakuandika makala hata moja maishani mwake, na sidhani kama aliwahi kuandika barua. Lakini mtu akiitaja tasnifu yangu kwa mtindo wa mwandishi na mwaka, anayesomeka ndani ya mabano ni yeye. Wengi wetu visiwani hatuna jina la ukoo kwenye vyeti: kuna jina lako, la baba na la babu, basi. Mtindo uliotungwa na watu wenye majina ya ukoo ukishafika Unguja na Pemba humtoa babu kaburini na kumpa shahada ya uzamili.

Naanza na hilo kwa sababu wanafunzi wa tasnifu hunijia jioni, laptopu mkobani, na swali lao aghlabu ni moja: "Dada, nifuate APA au niweke tanbihi?" APA ni mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, wa jina na mwaka ndani ya mabano; tanbihi ni maelezo ya chanzo yanayowekwa chini ya ukurasa. Nami huwauliza: juu ya meza yako kuna nini? Yuko mwenye makala arubaini za majarida alizozipakua mtandaoni. Yuko mwenye majalada ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani na wazee watano aliowahoji Micheweni. Yuko muuguzi mwenye tafiti za malaria. Hawa hawafai kupewa jibu moja. Kumtaja mwenye maneno ni wajibu kwa wote watatu. Namna ya kumtaja ndiyo yenye hiari, na hiari hiyo iamuliwe na vyanzo ulivyonavyo. Mtindo unaoonekana wa kisomi zaidi kwa macho ya wenzako haukusaidii kitu siku msomaji anapotaka kukifikia chanzo chako asikipate.

Ila kabla ya kuchagua chochote, fungua mwongozo wa idara yako. Uwe SUZA, chuo kikuu cha taifa, uwe Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, uwe Sumait kule Chukwani, kama mtindo umeshaandikwa humo, usibishane. Ukikuta mwongozo umenyamaza, muulize msimamizi kwa maandishi na akujibu kwa maandishi. Mimi nilikuwa na wasimamizi wawili. Mmoja akitaka mabano, wa pili akitaka tanbihi, na kila mmoja akisahihisha kana kwamba mwenzake hayupo. Niliigeuza sura ya pili mara mbili ndipo nikapata ujasiri wa kuwaandikia wote wawili barua pepe moja. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Kitabu kimoja kwa namna tatu

Chukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 1999.

Kwa APA, ndani ya maandishi yako utaweka (Shafi, 1999), na ukinukuu maneno yenyewe utaongeza ukurasa. Mwishoni mwa kazi, kwenye orodha ya marejeo: Shafi, A. (1999). Vuta n'kuvute. Mkuki na Nyota. Mji haupo. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka Oktoba 2019, liliuondoa, na bado naona tasnifu zinazouweka kwa sababu mwanafunzi ameiga kazi ya kaka yake wa mwaka 2014.

Kwa tanbihi za mwongozo wa Chicago, maandishi hubaki safi, yana kinamba kidogo tu kilichopandishwa juu ya mstari. Chini ya ukurasa: Adam Shafi, Vuta N'kuvute (Dar es Salaam: Mkuki na Nyota, 1999), kisha namba ya ukurasa. Mara ya pili unafupisha: Shafi, Vuta N'kuvute, na ukurasa. Toleo la 18 la Chicago, la mwaka 2024, nalo halilazimishi tena mji, ingawa utaukuta katika kazi nyingi zilizotangulia.

Kwa Vancouver, maandishi yana namba, tuseme (1), na orodha ya mwishoni hupangwa kwa mfuatano wa kutajwa, bila kujali alfabeti: 1. Shafi A. Vuta n'kuvute. Dar es Salaam: Mkuki na Nyota; 1999.

Sasa litazame jina lake. Katika mitindo miwili, Adam amebaki herufi moja. Katika tanbihi amekaa kama alivyokaa juu ya kitabu chake. Kwa mwandishi wa Ulaya tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwetu ina uzito wake.

Mabano

Mwaka 1881 mtaalamu wa wanyama wa Harvard, Edward Laurens Mark, aliandika makala kuhusu konokono wa bustani asiye na nyumba, na humo akaweka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano. Yeye ndiye hutajwa kuwa chanzo cha mtindo unaoitwa Harvard. APA nayo ilianza na kurasa saba za maelekezo mwaka 1929. Hii mitindo imezaliwa mikononi mwa watu wa sayansi, na mtu wa sayansi akisoma dai, anachotaka kukijua mwanzo ni umri wake. Takwimu za mwani za 2003 na za 2021 si mamoja. Ukiwa unaandika kuhusu elimu, utalii, biashara, mazingira ya bahari au afya ya jamii, mabano yanamwonyesha msomaji papo hapo kama hoja yako imesimama juu ya kazi za juzi au za miaka ishirini nyuma. Kwa kazi za namna hiyo sioni sababu ya kuhangaika na tanbihi.

Tabu inaanza kwenye majina. Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, hana matata: umvute kwa jina la mbele au la nyuma, unafika kwenye Haji. Adam Shafi ana matata kidogo, kwa kuwa hujulikana pia kama Adam Shafi Adam, na katika orodha za marejeo utamkuta mara chini ya A, mara chini ya S. Mwenye matata makubwa ni Said Ahmed Mohamed. Riwaya zake na tamthilia zake zina jina hilo. Makala zake za kitaaluma, alizoandika akiwa profesa Bayreuth, Ujerumani, nyingi zina jina la Said A. M. Khamis. Ni mtu mmoja. Nimewahi kusoma sura ya mapitio iliyoeleza jinsi Khamis anavyokubaliana na Mohamed, na mwanafunzi akahitimisha kuwa wataalamu wawili wamefikia rai moja!

Kanuni ya APA hapa ni nyepesi, na mimi naiunga mkono: andika jina kama lilivyo kwenye kazi yenyewe, usimsahihishe mtu jina lake. Riwaya iende chini ya Mohamed, makala iende chini ya Khamis, na ndani ya maandishi uweke sentensi moja ya kumjulisha msomaji kuwa hao ni mmoja. Taasisi ni vivyo hivyo. Chukua taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kazi iliyotoka wakati ikiitwa TUKI itajwe TUKI, na iliyotoka baada ya 2009, ilipokuwa TATAKI, itajwe TATAKI. Kamusi la Kiswahili Fasaha la 2010 halina jina la mtu kwenye gamba lake, basi mwandishi wake ni BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

Majina ya zamani yenye bin na binti yanataka akili zaidi. Santuri za Siti binti Saad zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ukizitaja kwa kufuata kanuni kibubusa utaandika (Saad, 1928), na Saad ni babake. Mweke chini ya Siti, na ukiulizwa kwenye utetezi, toa hiyo sababu. Sidhani kama kuna mtahini wa Zanzibar atakayekukatalia.

Kisha wapo wanaofanana. Orodha ya marejeo ya kazi iliyofanyika hapa inaweza kuwa na akina Ali wanne, akina Juma watatu na akina Khamis wasiohesabika. APA ina dawa yake, na wengi hawaijui: waandishi wawili wenye jina moja la mwisho huongezewa herufi zao za mwanzo hata ndani ya mabano, tuseme (S. Ali, 2015) na (M. K. Ali, 2018). Bila ya hizo herufi msomaji atadhani ni mtu mmoja mwenye bidii.

Tanbihi

Mwanafunzi mmoja wa historia, kijana wa Wete, aliniletea sura nzima aliyoiandika kwa mabano. Alikuwa ameshinda Kilimani siku kadhaa, na vyanzo vyake vikubwa vilikuwa barua za maofisa wa zama za Waingereza. Barua ya namna hiyo ina anwani ndefu: jina la hifadhi, herufi na namba za jalada, nani alimwandikia nani, siku, mwezi na mwaka. Ameyasongomeza yote hayo ndani ya mabano, kila baada ya sentensi mbili, mpaka hoja yake mwenyewe ikawa inapumua kwa tabu.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hizi ziteremshe chini."

"Dada, si watasema nimekwenda kinyume na wenzangu?"

"Wenzako wana majalada?"

Hawakuwa nayo. Wenzake darasani walikuwa wanaandika kuhusu mitaala. Alikwenda kumuuliza msimamizi wake, akaruhusiwa, na sura ile ile ikasomeka kama hadithi, ushahidi wote ukiwa chini kwa anayeutaka.

Huo ndio ubora wa tanbihi: zina nafasi. Nafasi hiyo unaihitaji zaidi ukigusa hati za Kiarabu, ambazo Zanzibar inazo nyingi. Hati ina mwaka wa Hijria. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882 ukamalizika 1883, kwa hiyo kama hati haina mwezi, hujui umpe msomaji mwaka gani wa Miladia. Mabano yanataka mwaka mmoja. Chini ya ukurasa unaandika 1300 H. (1882/1883), na kama kuna shaka juu ya usomaji wa tarehe, unaieleza palepale kwa mstari mmoja. Ndani ya mabano shaka haina pa kukaa.

Kwa watu waliokulia chuoni, nakusudia chuo cha Kurani, jambo hili halina ugeni wowote. Mwalimu akisema kitu husema kakisoma kwa nani, na huyo kakisoma kwa nani. Isnadi ikikatika, neno linapungua uzito hata likiwa tamu. Huwa nashangaa tunapofundishwa marejeo chuo kikuu kana kwamba ni adabu iliyoletwa na meli.

Tanbihi zina ubaya wake, tena mkubwa. Kwanza zinashawishi: mtu huanza kuandika tasnifu ya pili chini ya ile ya kwanza, kila ukurasa nusu yake herufi ndogo. Pili, msomaji haoni mwaka mpaka ateremshe jicho. Tatu ni Ibid., hilo neno la Kilatini la kusema "palepale". Word hupanga upya namba za tanbihi ukihamisha aya, lakini haijui kwamba Ibid. yako sasa imekaa chini ya chanzo kingine kabisa. Mtu anahamisha aya moja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, na maneno ya balozi yanakuwa ya mkulima wa karafuu. Chicago yenyewe, tangu toleo la 17 la mwaka 2017, inapendelea jina lililofupishwa badala ya Ibid. Lifuate hilo hata kama msimamizi wako wa zamani ana mapenzi na Kilatini.

Na wazee wa Micheweni? Hapa mitindo miwili inaachana vibaya. APA huyachukulia mahojiano yasiyoweza kupatikana na mtu mwingine kuwa ni mawasiliano binafsi: yanatajwa ndani ya maandishi pamoja na tarehe, hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Tena watu uliowahoji kwa ajili ya utafiti wako wenyewe hawatajwi hata hivyo. Wao ni data, unawanukuu kama washiriki na unaeleza kwenye sura ya mbinu jinsi ulivyowapata. Chicago hukuruhusu uandike tanbihi kwa kila mahojiano: nani, wapi, lini, nani alimhoji. Kama unatafiti maoni ya walimu hamsini, njia ya APA inatosha na inalinda siri zao. Kama unatafiti kumbukumbu ya nahodha mmoja aliyeendesha majahazi, mzee ambaye ameridhia jina lake litajwe na ambaye maneno yake hayapo popote ila kwako, basi kumgeuza "mshiriki wa 4" ni dhulma. Huyo mpe tanbihi yenye jina lake kamili, la baba na la babu.

Namba, na ule mtindo wa nne

Vancouver ilitokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya udaktari uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Ukisoma udaktari, uuguzi au maabara, hiyo ndiyo lugha ya majarida utakayoyaandikia, izoee mapema. Sentensi moja inaweza kubeba vyanzo sita bila kuvimba. Ila usiipange kwa mkono. Ukiingiza chanzo kimoja kipya katikati, namba zote za mbele zinasogea, na nimeona mtu akilia kwa ajili hiyo.

MLA ni ya watu wa fasihi: jina na ukurasa, bila mwaka. Kama tasnifu yako nzima inachambua riwaya mbili, inapendeza, kwa sababu msomaji anataka ukurasa na mwaka wa riwaya anao tayari. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Kunukuu, kufafanua, kutafsiri

Mtindo hautakuokoa kama hujui unapochukua na unapoacha. Hapa ndipo watu huingia kwenye wizi wa kitaaluma bila nia ya kuiba, na ndipo ningependa mwanafunzi atumie muda wake zaidi kuliko kwenye nukta na koma za APA.

Tuseme chanzo chako kinasema hivi: "Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kuanzia hapo Pemba ikachukua nafasi ya kwanza katika uzalishaji."

Mwanafunzi anaandika: Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika uzalishaji. Kisha anaweka mabano ya mwandishi na mwaka, na anajiona amemaliza haki. Hajamaliza. Amebadili maneno matatu na kuacha mifupa yote ya sentensi ya mwenzake. Mabano yanasema "hoja ni ya fulani, maneno ni yangu", na maneno si yake. Wanafunzi wenyewe wana neno la hili, kudesa, na kudesa kwa kubadili kimbunga kuwa dhoruba ni kudesa vilevile.

Kufafanua hasa kungekuwa hivi: Ukuu wa Pemba katika karafuu ulitokana na msiba wa jirani, mashamba ya Unguja yaliyolala mwaka 1872 hayakuurudisha uongozi wake. Hapo umekifunga chanzo, umefikiri, umeandika. Mabano bado ni lazima, ila sasa yanasema kweli.

Kunukuu neno kwa neno ni bora pale maneno yenyewe ndiyo ushahidi: kifungu cha sheria, beti la shairi, kauli ya mzee kwa Kipemba au Kimakunduchi. Kauli ya lahaja usiisanifishe ndani ya alama za nukuu. Ukibadilisha alivyosema ili isomeke kama kitabu cha skuli, umemtungia maneno. Iache kama ilivyo na uitolee maelezo pembeni. Nukuu ndefu ina kipimo chake, na kila mtindo na wake: katika APA nukuu hujitenga kama aya ya pekee ikifika maneno 40, katika Chicago karibu maneno 100. Lakini tasnifu yenye nukuu za namna hiyo kila ukurasa hunifanya niulize mwenyewe yuko wapi.

Kutafsiri ndiko kunakonikera, maana ndiko kunakofichika. Mwanafunzi wa Kiswahili anasoma makala ya Kiingereza au kitabu cha Kiarabu, anaitafsiri aya nzima vizuri sana, anaiweka kama yake. Kazi ya kutafsiri ameifanya yeye, ni kweli, jasho lake limetoka. Fikra hazikuwa zake. Ukitafsiri neno kwa neno, hiyo ni nukuu: iwekee jina, mwaka, ukurasa, na useme tafsiri ni yako. Ukichukua wazo tu, ni ufafanuzi: iwekee jina na mwaka.

Na usichanganye hili na hakimiliki. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na hiyo inahusu nani ana haki ya kuchapisha na kuuza. Maandishi ya kale yasiyo na mwenye hakimiliki unaweza kuyachapisha upya bila kumwomba mtu, lakini ukiyaingiza kwenye tasnifu bila kusema ya nani, kisheria uko salama na kitaaluma umeiba.

Kuna yasiyohitaji kutajwa chanzo. Kwamba Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, kila mtu anajua, kuliwekea mabano ni mapambo. Kwamba sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, hilo linataka chanzo, kwa sababu hakuna aliyezaliwa akilijua na mtu anaweza kutaka kulihakiki.

Asilimia

Watu hulinganisha asilimia za Turnitin kama wanaolinganisha joto la mgonjwa. Programu hiyo hutafuta maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hazina yake, na hupaka rangi: kijani mpaka asilimia 24, njano mpaka 49, chungwa mpaka 74, kisha nyekundu. Haijui wizi. Nukuu zako halali na orodha yako ya marejeo zinaweza kuhesabiwa humo zisipochujwa, kwa hiyo mwenye 28 anaweza kuwa msafi. Na yule aliyetafsiri makala nzima ya Kiingereza kwa Kiswahili anaweza kupata 4, akatembea kifua mbele. Kama ni kuchagua kati ya kushusha asilimia kwa kubadilibadili maneno na kukaa na msimamizi ukamwonyesha kila rangi imetoka wapi, kaa na msimamizi.

Siku hizi kuna na la akili mnemba. Ukiiomba marejeo kuhusu historia ya karafuu inaweza kukupa matano yenye waandishi, miaka na kurasa, yamepangwa APA safi kabisa, na mawili kati yake hayajawahi kuandikwa na mtu. Rejeo usilolifungua kwa mkono wako lisiingie kwenye orodha.

Daftari au programu

Zotero na Mendeley ni programu za kutunza na kupanga marejeo. Zotero ni ya bure, ilitoka mwaka 2006 Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inakaa ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo hata intaneti ikikatika unaendelea kuandika. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mtandaoni ni megabaiti 300. Mendeley, iliyonunuliwa na Elsevier mwaka 2013, hutoa gigabaiti 2. Kama una makala nyingi za PDF, hiyo tofauti ina maana. Kama huna, chukua Zotero. Zote hukuwezesha kugeuza tasnifu nzima kutoka APA kwenda Chicago kwa dakika chache, jambo ambalo lingeniokolea zile wiki tatu. Lakini zinafikiri Kiingereza. Ukiandika kwa Kiswahili, pitia mwenyewe uhakikishe imeandikwa "na" na "na wenzake", na kwamba Siti hajawa Saad.

Kwa kazi za majarida, programu inashinda daftari bila ubishi. Kwa Kilimani, daftari linashinda. Jalada halina kitufe cha kubofya likajiingiza lenyewe. Unaandika kwa mkono, na unaandika anwani kabla ya neno la kwanza la nukuu: hifadhi, herufi, namba, tarehe, nani kwa nani. Ninao ukurasa mmoja wa daftari, wino wa buluu, maneno ya ofisa mmoja kuhusu wachumaji wa karafuu wa Pemba, matamu kuliko chochote kilichomo ndani ya tasnifu yangu. Siku ile ilikuwa karibu na saa ya kufunga, nikanukuu mbio mbio nikisema namba ya jalada nitaiandika nikifika nyumbani. Nimerudi Kilimani mara nne kulitafuta. Ukurasa ninao, na hauwezi kuingia popote.